Kanda au laptop: mashine ya njia nne italeta joto la kaseti za zamani?

"Naishi Sakina, Arusha. Napiga gitaa kavu na kuimba, na narekodi mwenyewe chumbani kwa laptop, saundi kadi ya njia mbili na maiki moja ya kondensa. Chumba ni cha mita 3 kwa 3, tofali zimepigwa plasta, chini vigae. Nyimbo zangu zinatoka nyembamba na za baridi. Nikizilinganisha na kaseti za dansi za baba naona aibu. Nimebandika trei za mayai ukutani, na huwa naongeza geini mpaka taa nyekundu iguse kidogo ili sauti ijae. Rafiki yangu anasema tatizo ni dijitali yenyewe, kwamba inakatakata sauti vipande na vingine vinapotea, wakati kanda haikati kitu. Kuna mzee Moshi anauza mashine ya kaseti ya njia nne pamoja na kaseti kumi, anataka laki tisa. Nina milioni moja na laki mbili. Je, ninunue au nitapoteza hela?"

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe ili usikae roho juu. Kwa hela uliyonayo na kwa hali uliyoieleza, usiinunue mashine hiyo, inayorekodi sauti nne kandokando kwenye kaseti moja, kwa sasa. Kanda si kitu kibaya. Ina uzuri wa kweli na nitakueleza unatoka wapi. Lakini baridi unayoisikia inaingia kwenye sauti kabla sauti haijafika kwenye laptop. Ukiipeleka sauti hiyohiyo kwenye kanda utapata baridi ileile, na mchakacho wa kanda juu yake.

Usiniamini kwa maneno matupu. Kaseti za baba ndizo kipimo chako. Chukua redio kaseti au deki yoyote inayofanya kazi, toa waya kwenye tundu la hedifoni uingie kwenye njia mbili za saundi kadi, weka saundi kadi upande wa laini na siyo wa maiki, kisha rekodi dakika mbili za wimbo unaoupenda kuliko zote. Rekodi kwa biti 24 (undani wa kila kipimo cha sauti) na kilohezi 48 (wingi wa vipimo kwa sekunde). Halafu sikiliza kaseti yenyewe na nakala ya laptop kwa spika zilezile, ukiwa umesawazisha ukubwa wa sauti, maana sikio hudanganyika haraka: sauti iliyo juu kidogo tu huonekana nzuri zaidi. Mwombe mtu abadilishe bila kukuambia ipi ni ipi. Utakuta joto lote limebaki kwenye nakala: besi ile nzito, matoazi yale yaliyolainika, hata ule mvumo wa "shhh" wa chini. Kama dijitali ingekuwa inaua joto, nakala hiyo ingetoka imekufa. Saundi kadi yako inabeba joto bila shida. Ila mpaka sasa hujaipa joto la kubeba.

Sasa hili la vipande. Rafiki yako amesikia nusu ya jambo. Ni kweli kwamba saundi kadi hupima wimbi la sauti mara nyingi kwa sekunde, mara 48,000 ukiwa umeiweka kilohezi 48, na kila kipimo huitwa sampuli. Kosa liko kwenye kudhani kwamba kilicho kati ya sampuli moja na nyingine kimepotea. Kumbuka jometri ya shule: ukiwa na nukta tatu zisizokaa kwenye mstari mmoja, duara linalopita zote tatu ni moja tu. Huhitaji kuwa na nukta zote za duara. Tatu zinatosha kulichora zima bila kubahatisha. Wimbi la sauti nalo lina kanuni yake: mradi hakuna ndani yake masafa yanayozidi nusu ya idadi ya sampuli, wimbi linalopita kwenye sampuli hizo ni moja tu. Claude Shannon alichapisha uthibitisho wa hesabu hiyo mwaka 1949. Kwa kilohezi 48 nusu yake ni hezi 24,000, na sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na 20,000. Kabla ya kupima, saundi kadi huchuja kila kilicho juu ya mpaka huo, na inapocheza hurudisha wimbi laini. Zile ngazi-ngazi unazoziona ukikuza picha kwenye programu ni namna ya kuchora tu. Kinachotoka kwenye waya hakina ngazi.

Na kanda nayo si kitu kizima kama anavyodhani. Ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe ndogo za oksidi ya chuma zilizoshikiliwa na gundi. Hedi ya kurekodia ni sumaku ya umeme yenye ufa mwembamba, na kanda inapopita hapo chembe hizo hupangwa kufuata sauti. Chembe zina idadi na hazikupangika sawasawa, na huko ndiko unakozaliwa ule mvumo wa "shhh". Kwa hiyo vyombo vyote viwili vina mpaka wao wa chini. Kaseti ya kawaida bila kipunguza kelele ina nafasi ya takriban desibeli 50 hadi 60 kati ya mvumo na sauti kubwa kabisa inayoweza kubebwa. Dijitali ya biti 16 ina 96, na ya biti 24 ina zaidi ya chumba chochote cha nyumbani kinavyoweza kudai. Kwako Sakina, na barabara ya Nairobi iko hapo, bodaboda itasikika kwenye rekodi yako muda mrefu kabla biti hazijaisha.

Jina baya la dijitali lina chanzo chake, na pengine ndicho kilichomdanganya rafiki yako. Wimbo ukitumwa WhatsApp kama sauti ya kawaida, au ukihifadhiwa kwa MP3 ya kilobiti 128 ili uwe mwepesi, programu huutupia nje baadhi ya sauti kwa makusudi, na cha kwanza kuumia huwa ni matoazi, herufi "s" na mwangwi wa nyuma. Hapo kweli vipande vinapotea, lakini ni kwenye kubana faili, siyo kwenye kurekodi. Ukitaka mtu asikie kazi yako, mtumie faili la WAV kama dokumenti.

Joto la kanda, kwa hiyo, ni nini hasa? Ni makosa ya kanda yanayopendeza. Sauti inapoongezeka, chembe zilizobaki za kupangwa hupungua, na kanda huanza kushiba. Kilele cha wimbi hakikatwi kwa ghafla, kinaviringwa. Kuviringwa huko kunaongeza sauti nyingine ndogo zenye uhusiano na noti yenyewe, hasa ile yenye masafa mara tatu yake, na sikio huzipokea kama unene. Masafa ya juu hushiba mapema kuliko ya chini, ndiyo maana matoazi na "s" hulainika. Na kwenye masafa ya chini kabisa umbo la hedi huleta kabonde na kakilima kanakoifanya besi ijae. Ukijumlisha hayo unapata kile tunachokiita joto. Ni kitu halisi.

Hapo ndipo taa yako nyekundu inapoleta balaa. Tabia ya kusukuma mshale mpaka kwenye wekundu imetoka kwa mafundi wa kanda, na kwao ilikuwa na maana, kwa sababu walikuwa wanaifuata ile shibe. Dijitali haishibi. Ina dari ya zege kwenye desibeli 0, na wimbi likigusa dari hukatwa bapa. Kilichokatwa hakirudi hata ukishusha sauti baadaye, na kukatwa huko huzaa masafa mengi makali ya juu. Nina hakika sehemu ya ukali unaouita baridi ni hiyo. Imba kile kipande chako cha juu kabisa kwa nguvu zote, mara mbili, kisha shusha geini mpaka vilele vikae karibu na desibeli -12. Utaona mawimbi madogo kwenye kioo na utapata wasiwasi. Usijali. Kwa biti 24 hujapoteza chochote kinachosikika; ukubwa utauongeza wakati wa kuchanganya.

Sehemu kubwa zaidi ya tatizo lako lakini ni chumba, na hapa sitapita haraka.

Ukiimba mita moja kutoka ukutani, sauti inaenda, inagonga plasta, inarudi kwenye maiki. Ni safari ya mita 2 za ziada, na kwa kasi ya mita 343 kwa sekunde inachelewa takriban milisekunde 6. Sikio halitambui huo kama mwangwi, linasikia sauti moja. Maiki lakini imepokea mbili, na zikikutana baadhi ya masafa hufutana na mengine huongezana, shimo na kilima, shimo na kilima, kutoka besi hadi juu. Zidisha hilo kwa kuta nne, dari na vigae. Ile sauti inayofanana na mtu anayeimba ndani ya debe ndiyo hiyo, na ni vigumu kuitibu vizuri baadaye kwa programu, kwa sababu sauti na chumba vimeshapikwa chungu kimoja. Kanda ingeirekodi vilevile ilivyo. Chumba cha mraba kama chako kina ubaya wa ziada: urefu na upana vikilingana, noti zilezile za besi huvuma kupita kiasi. Ndiyo maana pengine kuna noti moja ya chini ya gitaa lako inayovimba huku zingine zikikaa kimya.

Trei za mayai zishushe. Najua zimejaa studio nyingi za mtaani, na si kosa lako kuziamini. Ni karatasi nyepesi: zinagusa kidogo masafa ya juu kabisa na kuyaacha ya katikati na ya chini yarudi yote, matokeo yake chumba kinasikika chenye giza na bado cha debe. Halafu zinashika moto haraka mno, na kwako kuna waya za umeme ukutani.

Kinachomeza sauti ni kitu chenye unene, chenye nyuzi, na kilichoachwa mbali kidogo na ukuta. Hewa kwenye uso wa ukuta haitembei. Inatembea kwa nguvu zaidi kwa umbali wa robo ya urefu wa wimbi, na blanketi linafanya kazi kwa kuuzuia mwendo huo. Ukilitundika likiwa limegusa ukuta linamega masafa ya juu tu. Ukilisogeza sentimita 10 mbele linaanza kushika kuanzia takriban hezi 850. Kwa hiyo tafuta mablanketi mazito manne ya sufu ya mitumba. Ukipita soko la Memorial pale Moshi utapata ya kuchagua, na hiyo ndiyo safari ya Moshi ninayokushauri kwa sasa. Yashone mawiliwili ili yapate unene, yatundike kwenye fremu za mbao za mita 2 kwa mita 1.2, moja nyuma yako na moja ubavuni, ziwe herufi V nawe uko kwenye kona yake. Wengi hukosea hapa: huweka blanketi nyuma ya maiki. Maiki yako, kama kondensa nyingi za nyumbani, inasikia mbele na inaziba nyuma. Mbele yake uko wewe na ukuta ulio nyuma ya mgongo wako, basi ukuta huo ndio wa kuvikwa kwanza. Chini ya miguu tandika zulia au godoro. Kabati la nguo ukiliacha wazi nalo linasaidia.

Kabla hata ya kununua blanketi moja, fanya jaribio la asubuhi. Chaji laptop, beba maiki na saundi kadi mpaka mahali pa wazi, uwanja wa nyuma au kihambani (shamba la nyumbani) kati ya migomba kwa ndugu yeyote mwenye kihamba, mapema kabla upepo haujaanza. Imba ubeti mmoja na kupiga gitaa, umbali uleule wa maiki, geini ileile. Ndege watasikika, na jogoo pia. Lakini nyuma ya ndege hao utasikia sauti yako bila kuta, na nadhani utashangaa ilivyo nene. Ni maiki ileile, saundi kadi ileile, dijitali ileile.

Baada ya chumba, umbali wa maiki. Kwa kuimba kaa sentimita 15 hadi 20, na kitambaa cha kuzuia pumzi katikati; soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa kwenye kitanzi cha waya inatosha kabisa. Maiki ya aina yako huongeza besi kadiri unavyoisogelea, kwa hiyo joto jingine liko hapo, bure, kwenye sentimita 5 za kusogea au kurudi. Igeuze kidogo pembeni ya mdomo ili "p" na "s" zisiipige usoni. Kwa gitaa, usiielekeze kwenye tundu; tundu linatoa mvumo mzito unaomeza nyuzi. Iweke sentimita 25 hadi 30 mbele ya pale shingo inapoungana na mwili, kisha isogeze kidogo kushoto, halafu kulia, ukisikiliza kwa hedifoni. Nyuzi zenyewe zina miezi mingapi? Nyuzi zilizochoka hutoa sauti ya bati na hakuna chombo kitakachozifufua. Na mvua ikipiga mabati, ahirisha.

Kuhusu zile kaseti za baba, kuna jambo moja la kuliweka sawa kwa sababu ndilo linalokufanya uione mashine ya Moshi kama ufunguo. Muziki wa dansi uliorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam haukurekodiwa kwenye kaseti. Ulirekodiwa kwenye kanda za rili, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, watu waliokuwa wamepiga wimbo huo jukwaani usiku baada ya usiku mpaka kila mmoja anajua mwenzake atapumua wapi. Kaseti ilikuja baadaye, ni chombo cha kubebea tu. Rili ya studio hukimbia sentimita 38 kwa sekunde, na kanda yake nyembamba kuliko zote ina upana wa milimita 6.35. Kaseti ina upana wa milimita 3.81 na hukimbia sentimita 4.76. Mashine ya njia nne, aina iliyoanzishwa na TEAC mwaka 1979 kwa jina la Portastudio, hugawa milimita hizo 3.81 kwa njia nne, kila moja ikipata chini ya milimita moja. Nyingi zilikimbia mara mbili ya kasi ya kawaida ili kufidia. Kwa hiyo unachouziwa si sauti ya Radio Tanzania. Ni sauti ya kaseti: ina utamu wake, lakini ina mvumo, ina kuyumba kwa noti ndefu, na ukihamisha njia tatu ziingie kwenye ya nne ili upate nafasi ya kinanda, unahamisha na mvumo wa zote tatu.

Sifa moja ya mashine hizo naiheshimu sana: zinakulazimisha kuamua. Njia nne, hakuna kitufe cha kutengua kosa, na kurekebisha silabi moja si rahisi. Hilo unaweza kulipata leo bila shilingi. Fungua wimbo wenye treki nne tu, jikataze kukata na kuunganisha, imba kutoka mwanzo hadi mwisho; ukikosea, futa yote urudie. Fanya hivyo kwa nyimbo tatu. Uimbaji wako utabadilika kuliko utakavyobadilishwa na hedi yoyote.

Na ladha ya shibe yenyewe? Njia nyepesi ni programu zinazoiga kanda. CHOW Tape Model ni ya bure na imetengenezwa kwa kufuata fizikia ya mashine halisi ya rili. Iweke kwenye sauti na gitaa, kidogo, mpaka uanze kuisikia, halafu rudi nyuma hatua moja. Kuna njia ya pili ambayo naipenda zaidi: azima deki nzuri ya kaseti. Safisha hedi kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke, zima Dolby (kipunguza kelele cha deki), toa wimbo wako uliokwisha kuchanganywa kutoka saundi kadi kwenda kwenye deki, sukuma mshale uguse wekundu (hapa ndipo mahali pake), kisha rudisha kanda na uirekodi upya kwenye laptop. Pitisha wimbo mzima kwa pamoja. Ukipitisha gitaa peke yake ukategemea lilingane na sauti baadaye, halitalingana: kasi ya deki ikipotoka nusu asilimia tu, wimbo wa dakika 4 unaachana kwa sekunde 1.2.

Hela zako basi zigawe hivi. Kwanza mablanketi na mbao. Pili hedifoni zinazofunga masikio, ili mlio wa hedifoni usivuje kwenye maiki. Tatu diski ya nje, na hapa sitanii: treki moja ya biti 24 kwa kilohezi 48 inakula megabaiti 8.64 kwa dakika, wimbo wa treki 8 wa dakika 4 ni karibu megabaiti 280, na laptop ya zamani hufa bila kuaga. Hili ndilo eneo ambalo kanda inaishinda dijitali kweli. Kanda iliyozeeka hutoa sauti hafifu, diski iliyokufa haitoi kitu. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Maiki uliyo nayo ibakie. Usivutwe na maiki maarufu zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Za kughushi zimejaa. Salio liweke kwa siku moja ya studio iliyotengenezwa vizuri pale mjini. Ingia na maiki yako na saundi kadi yako, rekodi wimbo mmoja. Ukitoka nao mnene, utakuwa umeshajua kwamba vifaa vyako havina kosa.

Inawezekana baada ya yote haya moyo bado unataka mashine ile, na hilo si dhambi. Watu wanaipenda kazi ya mikono. Basi nenda nayo kwa macho. Soma kwanza kibandiko cha volti: mashine iliyotoka Marekani inataka 120, ya Japani 100, na sisi tuko 230. Ukichomeka bila transfoma inaweza kuungua palepale, na muuzaji anaweza kuwa hajui. Angalia hedi kwa tochi, pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukinasa kwenye mfereji uliochimbwa na kanda, hedi imekwisha, na ya kuibadilisha ni ngumu kupata. Gurudumu la mpira linalobana kanda lisiwe na nyufa wala kung'aa kama kioo. Mikanda ya mpira ya ndani ikikaa miaka mingi huyeyuka ikawa kama lami. Ukisikia mota inazunguka na kanda haisogei, ndiyo hiyo. Rekodi mlio wa hezi 1,000 kutoka kwenye simu kwa dakika moja kwenye kila njia kati ya zote nne, ucheze huku programu ya kutyuni gitaa ikiwa wazi. Mshale ukitulia, vizuri. Ukiogelea huku na huko, gitaa lako litaogelea hivyohivyo. Kaseti kumi nazo uzione: C60 na C90 zinafaa, C120 ni nyembamba na hujinyonga. Na ujue kwamba kwa kasi maradufu upande mmoja wa C60 unakupa dakika 15 tu. Mashine ikipita mitihani yote hiyo, bado omba bei ipungue, kwa sababu mikanda ya mpira utabadilisha tu.

Mambo matatu usiyafanye peke yako. Ukihisi umeme unakung'ata midomoni ukigusa maiki, au kuna mvumo mzito unaopotea ukichomoa chaja ya laptop, mwite fundi umeme akague waya wa ardhini wa nyumba. Kwa kurekodi unaweza kutumia betri siku hiyo, lakini usikate kamwe pini ya ardhi kwenye plagi. La pili, kunyoosha hedi ya deki: parafujo ile ndogo ya pembeni inavutia kuiparamia na bisibisi, na ukiizungusha bila kanda ya kipimo kila kaseti itasikika kama imefunikwa shuka. Mpelekee fundi wa redio mwenye kanda hiyo.

La tatu ni kaseti za baba. Masika ya huku, kuanzia Machi hadi Mei, huingiza unyevu kwenye kila kabati. Ukiona vumbi jeupe pembeni mwa utepe, ni ukungu: usiicheze, maana utausambaza kwenye deki, kwenye kaseti nyingine na kwenye mapafu yako. Zitenge kwenye mfuko, tafuta mtu anayehifadhi kanda kwa kazi. Zilizo safi zipitishe mbele mpaka mwisho na kurudi mara moja, kisha zinakili zote kwenye laptop kwa njia ileile ya lile jaribio la mwanzo, uziweke zikiwa zimesimama kwenye kopo lenye mfuniko na vipakiti vya silika vile vinavyokuja na viatu. Hiyo anza wiki hii, kabla ya mablanketi.